Wazee wa Vitabuni Hawaumwi Magoti

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858. Anatajwa kuwa alizaliwa mnamo 1810, kwa hiyo alikuwa na miaka kama 48. Shaaban Robert alizaliwa 1909 akafariki Juni 1962, akiwa na miaka 53. Kwa taratibu zetu za leo za utumishi wa umma, hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeruhusiwa kustaafu, maana kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Bado wangekuwa ofisini, wanasaini daftari la mahudhurio kila asubuhi.

Lakini mwambie mwanafunzi yeyote wa fasihi akuchoree hao wawili. Atakuchorea bibi kizee aliyejikunyata kitandani, na babu mwenye mvi na mkongojo barazani. Sauti zao zimetufikia kama sauti za wazee. Tukisikia neno wosia tunakaa vizuri, tunanyamaza.

Kwa muda sasa nimekuwa nikitafuta vitabu vya Kiswahili, au vya watu wa kwetu hata kama wameandika kwa lugha nyingine, vinavyozungumzia kuzeeka. Simaanishi hekima za wazee, hizo zimejaa. Namaanisha kitabu ambacho mtu anaamka Jumatatu moja hana ofisi ya kwenda, magoti yanauma, watoto wanapiga simu mara moja kwa wiki, rafiki yake wa siku zote ameanza kusahau majina, na siku bado ina saa 24 za kujazwa. Vitabu vya namna hiyo ni vichache mno. Dai langu ni hili: fasihi yetu imejaa wazee, lakini uzee haumo. Mzee wa vitabuni ni cheo cha kusemea. Mwili wake hatuuoni.

Angalia Utendi wa Mwana Kupona wenyewe. Beti 102. Mama ni mgonjwa, anamwita binti yake Mwana Hashima aje na wino na karatasi, na ugonjwa unatajwa kwa kifupi tu. Baada ya hapo mwili wa mama unatoweka, yanabaki maneno: dini, adabu, namna ya kuishi na mume. Siulaumu utenzi kwa hilo, ndiyo kazi uliyotungiwa. Kinachoniumiza ni kitu kingine. Yule binti aliyeandikiwa, Mwana Hashima, aliishi mpaka karne ya 20. Yeye ndiye aliyezeeka! Alikuwa mke, akawa na miaka 50, 60, na zaidi, huku mawaidha ya mama yake yanakaririwa na wasichana wa pwani nzima. Hatusomi mahali popote jinsi yale mawaidha yalivyomsaidia alipokuwa ajuza, au kama yalimsaidia. Darasani tunasoma mama anayemwambia msichana jinsi ya kuishi, tunafunga kitabu.

Shaaban Robert naye. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ndicho kitabu pekee cha Kiswahili ninachokijua ambacho umri umewekwa kabisa kwenye jina, kwenye jalada, bila aibu. Miaka hamsini enzi ile si mchezo. Wastani wa maisha Tanganyika ulikuwa chini ya hapo. Mtu aliyeanza ukarani wa serikali mwaka 1926, kwenye forodha, akazika mke, akaoa tena, akalea, akaandika usiku baada ya kazi, alikuwa na haki ya kujiona amefika jioni. Unafungua sehemu ya pili ukitegemea jioni hiyo. Unakuta mtu anahesabu kazi zake: vitabu, mashairi, utumishi, heshima ya lugha. Kwenye sehemu ya kwanza tayari wamo wanawe, mmoja ametungiwa Utenzi wa Adili na mwingine Utenzi wa Hati, beti kwa beti za namna ya kuwa mtu mwema. Ni kitabu kizuri, nakirudia karibu kila mwaka. Lakini ukikisoma ukiwa na swali langu, unaona mwandishi ana haraka ya kukabidhi. Yupo mlangoni anagawa funguo. Hataki tumtazame yeye, anataka tutazame funguo.

Lugha yenyewe inamsaidia kujificha. Neno "mzee" tumelitumia mpaka limeacha kumaanisha umri. Bosi wa miaka 35 ni mzee. Baba yako ni mzee hata kama ana miaka 42. Hapa Arusha konda wa daladala atamwita "mzee" abiria yeyote mwenye kitambi na shati la mikono mirefu. Na ukipanda kidogo kutoka mjini kuelekea miteremko ya Mlima Meru, kwa Waarusha, jambo hili lina mfumo wake kabisa: rika zima la wanaume linavushwa pamoja kutoka umorani na kuingia kwenye daraja la wazee, na wengi wanaovushwa bado wana nguvu za kubeba gunia la mahindi. P. H. Gulliver alieleza mpangilio huo kwa kirefu katika utafiti wake juu ya Waarusha uliochapwa 1963. Huko uzee ni kitu unachopewa mbele ya watu, na unakipata pamoja na wenzako. Hauhusiani sana na meno.

Mimi naona huo ni utaratibu wenye akili. Ila una matokeo yake kwa mwandishi. Kama uzee ni cheo, basi mhusika mzee anaingia kwenye riwaya akiwa tayari amevaa joho. Anasema, tunaitikia. Nani atathubutu kumuuliza mwenye joho kama jana usiku alilala?

Ndiyo maana wazee wetu wa riwayani wamegawanyika katika mafungu ambayo unaweza kuyahesabu kwa vidole. Wapo waliopanda juu mno: yule mzee anayetafutwa katika Mzingile ya Kezilahabi (1991) yuko karibu na Mungu kuliko babu wa mtu yeyote. Wapo waliokufa: katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) babu anatoka kaburini kuja kumsuta mjukuu aliyeuza nafsi yake kwa madaraka, na ni riwaya kali, lakini angalieni, babu amelazimika kufa kwanza ndipo apewe nafasi ya kusema. Wapo wa kuchekwa au kuhurumiwa, kama Mwinyi katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972), tajiri aliyekwenda umri anayemtamani Bahati. Huyo angalau ana mwili! Ana hamu, ana usiku mrefu, anajidanganya. Nikiwa na uhuru wa kuchagua ningekaa na Mwinyi jioni moja kuliko na wazee kumi wenye methali.

Halafu kuna waandishi wenyewe waliofika uzeeni wakashika kalamu. Adam Shafi, aliyezaliwa 1940, alitoa Mbali na Nyumbani mwaka 2013. Miaka 73! Unakimbilia dukani. Unakuta ni safari ya kijana anayeondoka Zanzibar kutafuta Ulaya kwa njia ya nchi kavu, mipaka, njaa, ujanja, kicheko. Utamu mtupu, kinasomeka usiku kucha. Ila mzee wa miaka 73 anayekumbuka hayo yote hatumwoni. Amekaa nyuma ya pazia anamshikia taa kijana.

Sasa niseme kwa nini jambo hili kwangu si la kinadharia. Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Kaloleni, si mbali na nyumbani kwangu. Alistaafu baada ya kile kikokotoo cha Julai 2022, cha mkupuo wa asilimia 33, kile ambacho kila mtumishi anakijua kwa moyo kama sala. Miezi ya kwanza aliamka saa 11 alfajiri kama kawaida, akavaa, akakaa. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, wewe si unasoma kila siku? Niletee kitabu cha mtu kama mimi." Nikampelekea Shaaban Robert. Wiki mbili baadaye alikirudisha kimefungwa vizuri kwenye gazeti. "Huyu ananifundisha," akasema. "Mimi nimefundisha miaka 35. Nimechoka kufundishwa."

Nadhani hiyo ni sentensi bora ya uhakiki niliyoisikia mwaka ule.

Na shangazi ana haki ya kudai zaidi, kwa sababu kizazi chake kimeandikwa sana kilipokuwa kichanga. Sisi wa Kaloleni tunapita kila siku karibu na Mnara wa Mwenge na Makumbusho ya Azimio la Arusha, kumbukumbu ya kikao cha Halmashauri Kuu ya TANU cha mwishoni mwa Januari 1967. Azimio lilizaa rafu nzima ya riwaya, tamthilia na ngonjera, na karibu zote zina kijana msomi anayerudi kijijini na moto kifuani. Mambosasa na Mamboleo wa Gamba la Nyoka (1979) ni mfano. Basi pigeni hesabu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1967 alifikisha 60 mwaka 2007. Mambosasa na Mamboleo sasa hivi ni wazee. Wanaishi wapi? Nani anawanunulia dawa za presha? Bado wanasalimiana? Kizazi kizima cha wahusika tumekiacha kwenye ukurasa wa mwisho kikiwa na nguvu zake zote, hakuna aliyerudi kukijulia hali. Utubora wa Shaaban Robert, yule aliyeacha kazi ya mshahara akaenda kulima, ndiye ndoto ya kila mstaafu ninayemjua (shamba, kuku, kisima), na yeye pia hatumwoni mgongo ulipoanza kukataa jembe.

Kuna atakayeniambia: wewe unataka uzungu. Kulialia juu ya magoti ni mambo yao, sisi mzee anaheshimiwa na heshima ni pamoja na kutomchungulia. Hoja hii naichukua kwa uzito, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Lakini heshima isiyomtazama mtu huishia kuwa namna ya kumwacha peke yake. Unamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, unapita.

Na si kweli kwamba kwetu hakuna aliyeweza. Wapo wawili ninaowajua vizuri, na wote wawili wamenifanya nifikiri upya kuhusu ule umri niliouanzia.

Wa kwanza ni Abdulrazak Gurnah, na riwaya yake By the Sea ya mwaka 2001. Saleh Omar ana miaka 65. Anashuka uwanja wa Gatwick, Uingereza, na pasi yenye jina la mtu mwingine, kijisanduku cha udi, na ushauri aliopewa asionyeshe kwamba anajua Kiingereza. Anaomba hifadhi. Ofisa wa uhamiaji anamshangaa, kwa sababu ukimbizi anaujua kama jambo la vijana. Anapewa makazi kwenye mji mdogo kando ya bahari, na humo Gurnah anafanya kitu ambacho nimekitafuta kwingine nikakikosa: anamwacha mzee apitishe siku. Saleh Omar alikuwa mfanyabiashara wa fanicha nyumbani, kwa hiyo asubuhi anakwenda kwenye maduka ya fanicha ya ule mji wa ugenini, anatazama. Hanunui kitu. Anatazama mbao na varnishi kama mvuvi mstaafu anavyokwenda ufukweni kutazama mitumbwi ya wengine. Ukurasa mmoja wa aina hiyo unanieleza kustaafu kuliko semina.

Mwenye macho ameshaona tatizo langu. Gurnah alizaliwa Desemba 1948. By the Sea ilipotoka alikuwa na miaka 52. Yaani rika lilelile la Mwana Kupona na Shaaban Robert! Kwa hiyo umri wa mwandishi peke yake hauelezi kitu. Wote watatu waliandika sauti ya mzee wakiwa kwenye hamsini au karibu yake, lakini mmoja akatupa mwili na siku, wengine wawili wakatupa mawaidha.

Tofauti naiona kwa msikilizaji. Mwana Kupona ana binti mbele yake. Shaaban Robert ana watoto, na nyuma ya watoto ana taifa. Saleh Omar hana mtu. Mkewe na binti yake walikufa yeye akiwa kifungoni, miaka ile mibaya baada ya mapinduzi. Hana wa kumrithisha, hana wa kumhusia. Anayekuja kumsikiliza ni Latif Mahmud, mwalimu wa chuo kikuu London, mtoto wa yule mtu ambaye jina lake limo kwenye pasi, na kati ya familia zao kuna ugomvi wa zamani wa nyumba na deni. Huwezi kumpa mawaidha mtu anayekudai. Unaweza tu kumweleza ilivyokuwa, pamoja na aibu zako. Joho limevuliwa mlangoni, na mzee anaanza kusimulia kama mtu.

Paradise ya Gurnah tayari tunayo kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya ile Nobel. Mimi ningeomba By the Sea ifuate upesi. Kina shangazi hawawezi kuendelea kusubiri mpaka sisi tuwasimulie kwa mdomo.

Wa pili ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Kama Shaaban Robert anasimama mlangoni anagawa funguo, Kitereza ameketi ndani na hana mpango wa kutoka. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali ni kitabu kinene, na nitasema wazi kwamba kuna kurasa zinachosha. Salamu ndefu, pombe ya ndizi hatua kwa hatua, namna ya kuvua, dawa, ugonjwa wa ng'ombe. Wengi wanakisoma kama ghala la mila za Wakerewe, wanachota wanachotaka kwa ajili ya mtihani, basi. Mimi naomba kisomwe kama riwaya ya kuzeeka, pengine iliyo kubwa kuliko zote tulizonazo.

Kinaanza na ndoa changa yenye jeraha: hakuna mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, Myombekere anafunga safari kumrudisha mkewe. Ukisoma haraka utadhani ni hadithi ya utasa na tiba yake. Watoto wanapatikana, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi mwingine angeishia hapo na harusi. Kitereza anaendelea. Na anaendelea kwa mwendo uleule wa polepole, jembe, ziwa, wageni, mpaka siku moja unashtuka kwamba ni Ntulanalwo ndiye anayesafiri, ndiye anayeoa, na wale wawili uliowajua wakiwa na damu inayochemka wamekuwa wenye nyumba wa kutembelewa. Hakuna sura iliyotangaza kwamba sasa wamezeeka. Umri umeingia kwa nyuma kama unavyoingia kwetu sote. Kitabu kinawafuata mpaka kaburini, bila kelele, wakiwa wameshiba siku.

Zile kurasa ndefu ndizo zinazofanya kazi hiyo. Bila kuchoka nao kidogo usingezeeka nao. Shangazi aliniambia alikuwa anasoma kurasa nne kila asubuhi baada ya chai, na kwamba anampenda Bugonoka kwa sababu "hajifanyi." Alilalamika kuhusu pombe, ameokoka. Lakini hiki hakukirudisha.

Kitereza alizaliwa 1896. Alimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapaji wa lugha hiyo. Akakaa na mswada. Yeye na mkewe walipata watoto, wakawazika. Ndoa aliyoiandika, ile ya kulilia mtoto, aliijua kutoka ndani, na tofauti na Myombekere yeye hakubaki na Ntulanalwo wake. Hapo tena naona kile nilichokiona kwa Saleh Omar: mtu asiye na wa kumhusia akaandika maisha yenyewe, yote, hata namna ya kusalimiana, kana kwamba msomaji ni mgeni asiyejua kitu na hana deni la kutii. Akiwa amepita miaka 70, mgonjwa wa viungo, alikitafsiri kitabu chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Fikiria kazi hiyo. Vidole vinauma, sentensi baada ya sentensi, kuwahamisha wazee wake wawili kutoka lugha ya nyumbani kwenda lugha ya watu wote.

Tanzania Publishing House ilikichapa na kukiwekea mwaka 1980. Kitereza alifariki Aprili 1981, kabla nakala hazijamfikia. Tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwenzake, ilitoka 2002, na Wajerumani na Wafaransa walikuwa wamepata zao kabla ya hapo. Ile ya Kiswahili ni ya kubahatisha. Kama unaishi Arusha, usihangaike na maduka makubwa, wapitie wauza vitabu vya mitumba wa barabarani na uwaachie namba ya simu. Nakala aliyonayo shangazi ni yangu, na naona sitaipata tena.